Niliandika kwamba watoto wake hawajui kutoa

Admin, naomba ufiche jina langu na la shule, maana hapa Butembo tunajuana. Mimi ni mama wa miaka thelathini na nne, nina watoto watatu, nafundisha mwaka wa tatu wa shule ya msingi huku Kimemi. Nina hasira, na anayenikasirisha zaidi ni mimi mwenyewe. Wale wa kuandika "pole dada" na kupita, leo piteni tu. Nataka wenye akili ya kunisaidia.

Shuleni kwetu kila mwalimu alikuwa mfalme darasani mwake. Watoto wakipanda darasa bila kujua kitu, mwalimu wa juu anamlaumu wa chini, wa chini anawalaumu wazazi, na wazazi wanatulaumu sote. Nilichoka. Mwaka huu nikawaomba wenzangu tukutane kila Jumatano baada ya masomo, kuanzia mwaka wa kwanza hadi wa sita, na kila mmoja apange siku ya kwenda kukaa nyuma katika darasa lililo chini ya lake, aone watoto wanavyofundishwa. Tukawa pia na daftari moja la wote, la kuandika watoto wanapanda wakiwa na pengo gani. Daftari lilikaa kwangu.

Wa kwanza kuniunga mkono alikuwa mwalimu wa mwaka wa pili, nitamwita Maman Kahindo, si jina lake. Ndiye aliyenipokea nilipofika na diploma yangu mpya, nisiyejua hata kunyoosha mstari ubaoni. Wengine walinuna, yeye akasema, "Miye niko muzee, lakini mulango yangu iko wazi. Mukuye muone, na penye ninakosa, muniambie."

Mimi sikwenda. Kila wiki nilipata sababu: masahihisho, mvua, mtoto anaumwa. Ukweli ni kwamba nilidhani sina la kujifunza mwaka wa pili. Lakini kuandika niliandika. Watoto waliotoka kwake walinichosha kwa hesabu za kutoa. Unawapa hamsini na mbili, toa ishirini na saba, karibu darasa zima linakuletea kumi na tano! Nikaandika kwa wino mwekundu: "Watoto wa mwaka wa pili wanapanda bila kujua kutoa." Sikumuuliza mwenyewe hata neno.

Mkuu wa shule akaliomba lile daftari. Nikampa huku natabasamu, mjinga mimi. Akausoma mstari wangu mbele ya walimu wote. "Maman, unaona vile madame ameandika? Mwaka yenye inakuya utaacha classe, utakuwa unachunga vitabu." Kisha akanigeukia: "Na weye, madame, utanisaidia kusimamia madarasa ya chini. Tunataka batu ba sérieux." Kuna waliopiga makofi. Maman Kahindo akakaza kitenge chake, akasema, "Sawa, directeur." Hakuniangalia.

Wiki iliyofuata ndipo nilipokwenda kukaa nyuma ya darasa lake. Nadhani nilitaka kuhakikisha kwamba sikumwonea. Watoto walikuwa na vijiti vilivyofungwa kumi kumi kwa kamba za mgomba. Maman akaandika hesabu ileile, hamsini na mbili toa ishirini na saba. Wakafungua fungu moja, yakabaki manne, vile vijiti kumi wakavichanganya na viwili vilivyokuwa peke yake. Jibu: ishirini na tano. Walipata karibu wote.

Mimi sifundishi hivyo. Nafundisha kama nilivyofundishwa: unaongeza kumi kwenye namba ya juu, halafu unaongeza moja kwenye makumi ya chini ili kuirudisha. Njia zote mbili ni nzuri. Lakini watoto wangu walikuwa wanapunguza fungu juu kama Maman alivyowazoesha, kisha wanaongeza moja chini kama ninavyowadai mimi. Kumi ileile wanaiondoa mara mbili. Nilirudi nikafungua madaftari yao, na karibu kila jibu baya lilikuwa limepungua kumi kamili. Walikuja kwangu wakijua kutoa. Mimi ndiye niliyewavuruga, na nikawapigisha magoti kwa kosa hilo.

Nilimwambia mwenzangu wa mwaka wa nne peke yake. Akasema, "Nyamaza, madame. Ukisema ile, Jumatano yetu inakufa. Batu batasema tunakutana juu ya kushitakiana tu. Na ile kazi directeur amekuahidi utaikosa." Nikanyamaza. Wiki tatu sasa.

Juzi Maman Kahindo akapiga hodi darasani kwangu. Desturi yetu ni kwenda darasa la chini, yeye akapanda juu. Akaketi benchi la nyuma katikati ya watoto, magoti yakigonga meza, akafungua daftari jipya. Nikamfuata nikamnong'oneza, "Maman, unafanya nini?"

"Mwana wangu, bamesema miye sijue. Nakuya kuona vile weye unafanya, nitengeneze yangu mbele mwaka iishe. Endelea, hapana ona haya."

Mdomo wangu ulikuwa wazi. Ningeweza kusema palepale. Badala yake nilirudi ubaoni nikafundisha kumi juu, moja chini, na yeye nyuma kule ananakili kila kitu kama mwanafunzi mwema.

Leo asubuhi nimepita mbele ya darasa lake. Vijiti vyote vimerundikwa nje karibu na mlango, kamba zimekatwa, na mama anayepika maharage jirani na shule anavikusanya akawashie moto. Ndani, ubaoni, nimeona njia yangu, kwa mwandiko wake mzuri uleule alionifundisha mimi.

Kesho ni Jumatano, mkuu atakuwepo, na daftari limerudi mkononi mwangu. Niseme mbele ya wote, au nimwendee kwanza nyumbani kwake jioni hii? Na nikifika mlangoni pake, nimwambie nini? Nishaurini, ndugu zangu, na mnishauri kabla watoto wale nao hawajachanganya njia mbili kama wangu.