Hatua Kumi na Moja za Apolinary

Shemeji yangu Apolinary alikuwa fundi wa kiwanda cha kuchambua pamba hapa Bunda, na kichwa chake kilikuwa kigumu kuliko vyuma alivyovitengeneza. Nasema hivyo kwa sababu hasira yangu kwake haijaisha.

Mashine namba tatu ilikuwa inakwama kila ikipokea pamba mbichi. Hakuiongezea hata nati. Alihangaika nayo misimu miwili mpaka akagundua utaratibu wa kuiendesha na kuikwamua: nini kianze, mkanda ulegezwe lini. Hatua kumi na moja, zote kichwani mwake.

Mwaka 1972 alipanda basi mpaka Dar es Salaam kuomba haki ya ugunduzi wake, mtu asiutumie bila ruhusa yake wala bila kumtaja jina. Afisa akamwambia angeleta mashine wangezungumza. Maelekezo ya kuendesha mashine ni mawazo tu, na mawazo hayaandikishwi. Alirudi amenyong'onyea.

Ngolo, katibu wa tawi la chama kiwandani, akamdaka. "Ndugu, andika ukutani tujue wote. Ujuzi ni wa wote."

"Misimu miwili nilikuwaga naoga grisi pale peke yangu, nyie mko wapi? Siandiki!"

Siku ile nilimpigia makofi, sikufichi. Niliona ana haki. Kumbe hata mdogo wake Renatus, mume wangu, aliyepokezana naye zamu, Apolinary alimnyima hatua hizo. "Watambana, ataropoka," alisema. Renatus akabaki kumchungulia.

Novemba, mvua zimeanza, Apolinary akalazwa Musoma kwa malaria. Mashine ikakwama saa nne asubuhi. Renatus akafuata yote aliyoyaona kwa kuchungulia, akaizima, akaingiza mkono kutoa pamba. Ndani mashine ilikuwa haijasimama bado. Mkanda ukamvuta mpaka bega. Alikata roho njiani, hospitali hatujaifikia.

Baada ya matanga nilikwenda kiwandani kuchukua nguo zake. Nikamkuta Apolinary anaandika ukutani kwa chaki. Ngolo akamuuliza taratibu kama waweke jina lake chini. Akatikisa kichwa.

Nikasoma. Ya saba ilisema: simama, hesabu mpaka sitini, ndipo uingize mkono. Mtu anayechungulia angeonaje kuhesabu? Angeona fundi amesimama, anapumzika.

"Ni hii tu?" nikamuuliza.

"Ni hii tu, shemeji."