Kwale Aliyeliwa na Shahidi

Nikisikia mtu akisema sheria ni sheria, damu hunipanda kichwani hadi leo. Watoto wangu wamezoea. Wakiniona nimeanza kukunja leso mkononi, mmoja hunong'ona, "Ameanza ya kwale," na wengine wanakumbuka kazi waliyoiacha nje. Waende. Nitasimulia hata kama ni kwa sufuria.

Tulihamia upande wa Chaka miaka michache baada ya uhuru. Kwao mume wangu ni Giakanja, ambako baba yake aliwagawia wanawe shamba mpaka kila mmoja akabaki na kipande ambacho ng'ombe akijinyoosha yuko kwa jirani. Serikali ilipokatakata shamba moja la mzungu kule Kieni na kuwapa watu, tukapata sehemu yetu. Tukabeba watoto wawili, mbuzi, na mlango wa nyumba ya zamani kwa sababu mbao kule zilikuwa taabu. Ardhi ilikuwa pana lakini kavu. Mvua ya kupanda ilikuja mara moja ikaenda zake, na kama mbegu haikuwa ndani ya udongo siku hizo, basi mwaka umekwisha na wewe unautazama. Halafu skimu, yaani ule mpango wa serikali wa kugawa mashamba, ilikuwa na masharti yake: asiyelima, sehemu yake anapewa mtu mwingine. Bwana shamba, yaani afisa wa kilimo, alipita kila mara kwa baiskeli yake kutukumbusha, ndiyo tusilale.

Ambacho hatukukumbushwa na mtu ni kwale.

Kwale ni ndege mnene kama tembe mdogo wa kuku, shingo ya manjano, miguu yenye nguvu, na ni mvivu wa kuruka. Chini ya shamba letu palikuwa na kijito, na kando ya kijito vichaka vya miiba ambavyo hata mbuzi alivikwepa. Humo ndimo walimolala. Asubuhi walipanda kuja shambani, wakaufuata mstari ulioupanda jana, wakafukua punje baada ya punje bila kuruka hata moja. Fundi wa kupima nyumba hafuati kamba namna hiyo. Msimu wa kwanza walitufukulia karibu nusu ya shamba, tukarudia kupanda kwa mahindi tuliyokuwa tumeweka ya kula, na njaa ya mwaka ule naijua mimi.

Msimu wa pili mume wangu alisokota kamba za katani, akatega vitanzi pembeni mwa shamba pale walipozoea kuingilia. Pembeni tu. Nilimwambia ashuke kijitoni akawamalize huko wanakolala, akakataa. Alisema kwale aliyekaa kwake hana kesi naye, na wakati ule wengi walikuwa wanaatamia mayai. Ndivyo alivyokuwa mume wangu, mtu wa kunitia hasira hata akiwa na haki.

Na hao waliokamatwa hakuwala. Alilelewa na baba wa kizamani, na kwa watu wale mwanamume mzima kula ndege wa porini ilikuwa aibu, chakula cha watoto wanaochunga mbuzi. Niliwachemshia watoto, wakafurahi, naye akala githeri yake ya mahindi na maharagwe akitazama upande mwingine. Nataka hilo likumbukwe, kwa sababu mtu huyu alifungwa kwa nyama ambayo hakuwahi kuionja.

Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili. Tulikuwa tumepanda sehemu ya juu, bado ya chini. Mchana akaja mtu kwa miguu kutoka barabara ya Nanyuki, koti zuri, viatu vimejaa matope, akasema anatafuta viazi vya kununua kwa jumla. Hakuwa mtu wa kwetu, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili. Viazi hatukuwa navyo. Lakini mgeni amefika mlangoni saa ya chakula, na kwetu mgeni haondoki na tumbo tupu, hata kama wenye nyumba watalala hivyo. Githeri ilikuwa kidogo. Mume wangu alifikiri, akamwuliza, "Wewe unakulanga ndege?"

"Sana," yule mtu akasema.

Basi nikampa kwale niliyekuwa nimewapikia watoto. Watoto wakakaa mlangoni wakimwangalia. Alimla mzima, akavunja mifupa, akafyonza, akaomba chumvi. Kisha akauliza, "Hii kuku iko tamu sana. Mlitoa wapi?"

"Si kuku," mume wangu akajibu, na alifurahi kwamba mgeni ameshiba. "Ni kwale. Inakula mbegu yangu yote, sasa mimi naishika."

"Uko na bunduki?"

"Bunduki nitatoa wapi? Niko na kamba tu."

"Ati kamba? Hebu nione."

Wakatoka. Mume wangu akamwonyesha vitanzi vyote, kimoja kimoja, akamweleza namna ya kukunja kijiti ili kiruke, kama mtu anayemfundisha jirani. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akatoa kitambulisho mfukoni na kusema yeye ni askari wa wanyamapori, na huu ni msimu uliofungwa. Akavikusanya vitanzi vyetu ndani ya gunia letu, akaondoka na mume wangu. Sahani yake ilikuwa bado iko mezani.

Mimi sijasoma sana, lakini sheria ile niliijua yote siku chache baadaye, nikiwa nimekaa kwenye benchi nje ya korti ya Nyeri na karani mmoja mwenye roho nzuri akinieleza. Kwale alikuwa na msimu wake. Wakati wa kuatamia, haruhusiwi kuguswa na mtu yeyote. Msimu ukifunguliwa, mwenye leseni anaweza kumpiga, lakini kwa bunduki tu, na asizidishe hesabu ya siku. Kitanzi kilikatazwa mwaka mzima, kwa mwenye leseni na asiyekuwa nayo. Nikamwuliza karani, je, mwenye shamba? Akasema mwenye shamba ana haki yake: mwindaji hawezi kuingia mpaka mwenye shamba akubali.

Nilimwomba arudie, akarudia. Kwa hiyo mume wangu angeweza kumruhusu mtu wa klabu ya wawindaji aje na mbwa na gari kuua ndege kwenye shamba letu kwa kujifurahisha. Yeye mwenyewe, kwa kuokoa mbegu yake, hawezi. Karani akasema kulikuwa na njia ya mkulima kuandika barua kuomba ruhusa. Nikamwuliza jibu huchukua muda gani. Akacheka, na sikuona cha kucheka, kwa sababu kule nyumbani sehemu ya chini ilikuwa haijapandwa na mvua ilikuwa inamalizika.

Na mnajua msimu wa kufunga uliangukia lini? Wakati wa mvua, kwa sababu ndege hutaga mvua ikija. Sisi nasi hupanda mvua ikija. Waliotunga sheria walikaa mahali wakafikiria tumbo la ndege, na naapa hakuna hata mmoja wao aliyefikiria la mtu. Sisemi ndege asilindwe. Nasema waliomlinda walikuwa wanamtunzia wawindaji, tusidanganyane.

Kesi ilikwenda haraka. Mume wangu alipoulizwa kama alitega, akasema ndiyo. Karani alikuwa amemnong'oneza aseme hakujua, lakini yeye aliona kukana ni uongo, na uongo mbele ya Biblia hauwezi. Askari akasimama kutoa ushahidi. Alikuwa na koti lile lile. Akaonyesha vitanzi, akaonyesha manyoya. Hakimu akauliza ndege yuko wapi.

"Aliliwa," askari akasema.

Hakimu akaandika. Nikangoja aulize aliliwa na nani. Mtu yeyote angeuliza hivyo, hata mtoto. Hakuuliza. Aligeuza karatasi.

Nikasimama. Sikumbuki kama nilikuwa nimeamua, miguu ilisimama yenyewe. Nikasema, "Ni yeye alimkula. Mimi ndiye nilipika. Waulize watoto, walikuwa wanaangalia." Watu wakaguna. Hakimu akaniambia nikae ama nitafungwa pamoja na bwana yangu. Nilifikiria watoto niliowaacha kwa jirani, nikakaa. Hasira ya kukaa ile bado ninayo. Mume wangu akapewa faini ambayo ilikuwa kama kumwambia anunue mlima, au miezi miwili. Akaenda miezi miwili.

Nilirudi Chaka kesho yake, na nilipofika nilikwenda shambani kabla ya kuwaona watoto. Ile sehemu ya juu ilikuwa imefukuliwa mpaka katikati. Kwale walikuwa wamo humo humo, mchana kweupe, wananona. Nikawatupia mawe, wakasogea kidogo wakarudi. Vitanzi vilikuwa kortini. Ningeweza kusokota vingine, kamba ilikuwepo, lakini nani angekaa na watoto nikifungwa na mimi? Na bwana shamba alikuwa amepita nikiwa Nyeri, akaacha ujumbe kwa jirani kwamba sehemu yetu inaonekana imelala.

Nililia usiku mmoja, na sitasema zaidi ya hapo.

Asubuhi nilichukua panga. Nilikuwa nimemwuliza yule karani swali moja la mwisho nikitoka, nalo lilikuwa hili: kuna sheria ya kukataza mtu kukata kichaka cha shamba lake? Akasema hapana, hakuna, kufyeka ni maendeleo. Basi nikawaita wanawake wa sehemu za jirani kwa ngwatio, ule utaratibu wetu wa kulimiana kwa zamu, leo kwangu kesho kwako. Walikuja wote. Kila mmoja alikuwa na kwale wake shambani, na kila mmoja alikuwa na mume anayeweza kufungwa. Tukashuka kijitoni tukafyeka miiba kutoka juu hadi chini. Tulichomwa mikono, tukaimba, tukawasha moto. Kwale walitoka humo mbio, wengine wakakimbia mita chache wakarudi palipokuwa na viota, na hapakuwa tena na kiota. Mtu mmoja aliniuliza kama tuache kipande. Nikasema tusiache hata kijiti.

Nilipanda sehemu ya chini siku zile zile, kwa mbegu niliyopewa na wale wanawake, kila mmoja kibaba chake. Penye vichaka niliweka viazi. Mvua ilinyesha mara mbili zaidi, na mara hizo mbili zilitosha.

Bwana shamba akarudi. Akaegesha baiskeli, akatembea mpaka kijitoni, akarudi akitabasamu. "Mama, hii ndiyo tunataka," akaniambia. "Umefungua shamba. Nitaleta wengine waone." Na kweli aliwaleta. Walisimama pale nilipowachomea ndege mayai yao katika msimu uliofungwa, wakanipigia makofi.

Mume wangu alirudi mahindi yakifika kiunoni. Alikuwa amekonda. Nilimpikia, akala, kisha nikampeleka kuona shamba, kwa sababu nilijivunia. Tulikuwa tumebaki na ardhi yetu. Aliyatazama mahindi, akanishika bega, akasema nimefanya kazi ya watu kumi. Tulipofika kijitoni akasimama. "Na wale waliokuwa na mayai?" akauliza. Nikamjibu vibaya. Nikamwambia kama alitaka mayai yaatamiwe angebaki nyumbani ayaatamie. Akainama akang'oa magugu kwenye viazi.

Tulivuna vizuri mwaka ule. Magunia yalijaa chumba cha mbele mpaka tukawa tunaingilia mlango wa nyuma.

Msimu wa kuwinda ulipofunguliwa, gari likaja na mabwana watatu kutoka mjini, na mbwa wawili. Hawakuwa wazungu, wakati huo leseni zilikuwa zimeanza kushikwa na watu wetu. Mmoja alishuka akaniamkia kwa heshima, akaomba ruhusa ya kupita shambani, kama sheria inavyotaka. Nikamruhusu. Walizunguka asubuhi nzima. Mbwa walinusa viazi wakachoka, wakalala chini ya gari. Yule bwana akarudi kwangu uso umemwiva, anapunga karatasi yake. Alisema miaka iliyopita hapa palikuwa na kwale wa kujaza buti ya gari. Alisema amelipia leseni ya ndege ambao hawapo, na atalalamika kwa wakubwa, kwa sababu bila shaka kuna mtu ametega. Alikuwa na hasira kweli, na alitaka nimwonee huruma.

Nilimwambia apange foleni nyuma yangu.

Wakaondoka. Niligeuka nikamkuta mume wangu amesimama nyuma ya ghala, jembe begani, amesikia yote. Nilidhani atacheka, maana nilikuwa nimesema vizuri. Hakucheka. Kwale huita alfajiri, kabla jua halijatoka, kwa sauti ya kukwaruza ambayo haimwachi mtu kulala, na tangu atoke gerezani mume wangu alikuwa akiamka saa hiyo, anajifunika blanketi na kushuka kijitoni peke yake. Alikaa huko mpaka kupambazuke, kisha akapanda kuja kunywa uji. Sikuwahi kumwuliza alikuwa akisikiliza nini, kwa sababu nilijua vizuri kwamba hakukuwa na kitu.