Bondia Aliyerudisha Mkanda

Binti yetu bondia aliporudi Kalemie, mji ulikuwa umegawanyika. Kule mji mkuu waamuzi walimpa ushindi, lakini yeye akashika mikrofoni, akasema, "Mimi nimepigwa," akamvisha mkanda wa ubingwa yule mwanamke mwenzake aliyepigana naye. Kwenye redio wachache walimsifu, wengi wakamwita msaliti. Mimi pia nilipiga simu, nikasema ninajua ndondi tangu utoto na kwamba ametuaibisha.

Siku tatu baadaye akaingia studio yangu ya picha, karibu na stesheni, pamoja na mama yake anayeuza ndagala, dagaa wa ziwani, sokoni. Jicho lake la kushoto lilikuwa bado limevimba.

"Papa, tunataka picha moja kubwa ya kutundika ku nyumba," mama akasema.

Nikamkalisha bondia kwenye kiti, nikamwomba ageuke kidogo ili jicho lisionekane. Akakataa.

"Piga yote, Papa. Hivi njo nilivyo."

Nikashindwa kuendelea. Nikaweka kamera chini, nikamwambia bondia, "Binti yangu, ni mimi nilisema ku radio kama umetuaibisha."

Bondia akanigeukia. "Njo wewe ulisema unajua boksi tangu utoto?"

"Njo mimi."

Akasimama. "Basi nitupie ngumi moja, nione."

Mama yake akanionya nitaumia mgongo. Nikatupa ngumi hata hivyo. Bondia aliinama tu, nami nikapitiliza mpaka kwenye pazia la kupigia picha, lililochorwa maporomoko ya maji, likanifunika kichwa. Nilipojitoa, mama alikuwa amemshikilia binti yake mkono asianguke kwa kicheko. Nikarukia kamera, nikapiga.

Kwa ruhusa yao nilitundika nakala moja mlangoni. Wauza samaki walikuja kutazama, kisha wafanyakazi wa bandari. Mzee mmoja wa reli, aliyemlaumu kuliko sisi wote, aliisogelea picha.

"Alipigwa, na anacheka hivi?" akauliza.

"Anacheka," nikamjibu.

Naye akaanza kucheka, bila kujua kwa nini.

Mchana ule nikapiga tena simu redioni, nikayafuta maneno yangu kwa sauti ileile niliyoyasemea.

Jumapili bondia na mama yake walikuja kwetu na beseni la ndagala. Mke wangu alizikaanga kwa pilipili, tukala na bugali. Baada ya kula, bondia alimfundisha mke wangu namna ya kukinga uso, na kwa wiki nzima sikuweza kupita jikoni bila kukunjiwa ngumi.