Kumi na Tatu ya Kalunde

Kalunde Mbaluka, mama yake Mwanzia, ni fundi wa mawe hapa Kitengela. Mafundi wengi wanajua tatu, nne, tano tu: pima futi tatu upande huu, nne upande ule, na ikitoka tano ncha kwa ncha, kona iko skwea, nyuzi tisini kamili. Kalunde hakutosheka. Shule aliachia darasa la sita, lakini saa ya kupumzika alikuwa akichora mchangani mpaka akapata nyingine: tano, kumi na mbili, kumi na tatu. Kisha saba, ishirini na nne, ishirini na tano. Akaona namba ya mwisho ya kila fungu inafuata mpango: tano ongeza nane, kumi na tatu, ongeza kumi na mbili, ishirini na tano, ongeza kumi na sita, arobaini na moja. Hakuna aliyemfundisha.

Mtu kama huyo ndiye aliyeambiwa na Kiragu, msimamizi wa mjengo, abomoe kona aliyoipima kwa tano, kumi na mbili, kumi na tatu.

"Mama Mwanzia, hii haiko skwea. Na hiyo kumi na tatu umetoa wapi? Kwa mganga?"

Vijana wa karai, wale wa kubeba simiti, wakacheka. Naserian, mwenye ploti, hakucheka. "Kama ameharibu, kesho nisimuone hapa."

Kalunde akaweka mwiko chini. Miaka kumi na tisa anapanga mawe, jina lake liharibiwe na mtu ambaye hajawahi kushika mwiko!

"Pima tena, nikiona."

Kiragu akasimama juu ya uzi wa kunyooshea mawe, akavuta tepu ncha kwa ncha. "Kumi na nne! Umeona?"

"Tepu yako iko na futi ya kwanza?"

Tepu ile ilikatika zamani, na wote hapo huanzia kwenye alama ya moja, halafu wanatoa futi moja. Kiragu aliitoa alipopima zile pande mbili; hii ya tatu akasahau.

"Basi endelea tu, mama," akasema, akikunja tepu haraka. "Ni makosa kidogo."

"Kidogo? Mbele ya watu umesema natumia mganga, nusura nifukuzwe! Sema mbele ya hao hao."

Kiragu akamtazama Naserian. Naserian amekunja mikono, anangoja.

"Iko skwea," Kiragu akanong'ona.

"Wale wa karai hawajasikia. Walicheka kwa sauti."

"Iko skwea!"

Kalunde akaokota mwiko. "Haya, toka hapo. Umekanyaga uzi wangu."