Ufunguo wa Mtu wa Katikati

Vita vilipoisha, mashine yetu ya kusaga pale Ijumbi ilikuwa moja, na foleni ya wenye mahindi na muhogo ilifika barabarani. Kakangu akataka mashine ya pili. Benki ya mjini Bukoba ilikubali kutoa nusu ya bei kwa dhamana ya ile ya kwanza. Kibanja, shamba letu la ukoo, hawakukitaka; afisa wao alipita kati ya migomba, akayaona makaburi ya babu zetu nyuma ya nyumba, akasema shamba la namna hiyo halipati mnunuzi.

Nusu iliyobaki ilitoka kwa mzee mfanyabiashara wa Rwamishenye. Nitaueleza mkopo wake polepole, maana hata mimi nilichelewa kuuelewa, na si aibu. Fikiria foleni. Biashara ikianguka, benki inalipwa kwanza, mwenye biashara anaambulia kitakachobaki. Mzee alisimama katikati, nyuma ya benki na mbele yetu. Kwa kuwa hakushika dhamana, riba yake ilikuwa kubwa. Na misimu mitatu ya kahawa ikipita hatujamaliza kumlipa, deni lingegeuka hisa: robo ya mashine zote ingekuwa yake. Kwa biashara inayokua ni fedha nzuri, mradi ikue.

Msimu wa pili kakangu alianza kukonda. Kabla ya wa tatu tukamzika kando ya babu, mashine zikabaki mikononi mwangu. Foleni ikapungua. Mifuko ya unga ilisimama ukutani wiki nzima, na wenyewe hawakuja kuichukua.

Mzee alikuja kila mwezi. Nilimsikia kabla ya kumwona, kwa funguo alizotunga kwenye pete ya waya kiunoni, zikilia kati ya migomba.

"Shikamoo, mzee. Funguo zote hizo, una nyumba ngapi?"

"Marahaba, mwanangu. Moja, nayo inavuja." Akazigusa mmoja mmoja. "Duka, Nyanga. Ghala, Muleba. Banda la samaki, kisiwani. Niliwakopesha wenyewe kama nilivyomkopesha kakako. Sasa nina robo huku, robo kule. Nikifungua, nakuta vumbi. Wenye robo tatu wamelala chini ya migomba."

Msimu wa tatu ulipokwisha nilikuwa nimebakiza fungu moja tu la deni. Niliogopa kupoteza robo. Niliogopa zaidi kuhesabiwa kwenye pete ile.

"Pesa imepungua fungu moja, mzee."

Alisimama mlangoni, akaniangalia kutoka miguuni hadi kichwani. "Nani anafungua hapa asubuhi?"

"Mimi."

"Unakula?"

"Nakula."

"Unakohoa?"

"Sikohoi."

"Basi hiyo robo siitaki. Mshirika hai sijapata bado, na sitaki kujaribu bahati hiyo kwako. Lete fungu lililobaki msimu ujao."

Msimu uliofuata nililipa. Akahesabu, akaandika stakabadhi, kisha akahangaika na waya hadi ufunguo mmoja ukachomoka. Akauweka juu ya mizani ya unga. Niliyatambua meno yake. Ulikuwa wa mlango wetu.

"Kakako alinipa siku ya kwanza," alisema. "Wote hunipa siku ya kwanza."

Kumbe miezi yote ile na wetu ulikuwa ukilia humo pamoja na mingine. Niliushika, ulikuwa na joto la kiuno chake. Alipoingia kwenye migomba nikasikiliza. Funguo zililia vilevile, kana kwamba hakuna uliotoka.