Mishale kwenye Daftari la Historia

Watu wananiambia nishukuru. Mama mkwe, majirani, hata mwalimu wangu wa historia. Nishukuru kwamba nilipita kizuizi cha askari nikiwa mzima na mwanangu mgongoni. Haya, nimeshukuru. Sasa niacheni niseme.

Mwaka ule nilikuwa namalizia darasa la kumi na mbili huku Palma, kaskazini mwa nchi. Nililiacha katikati vita vilipotukimbiza, nikazaa kambini, na tuliporudi nikaenda kujiandikisha upya na mtoto wa kunyonya. Mume wangu alikuwa kusini akitafuta kazi. Mimi nilitaka kitu kimoja tu: cheti, niingie chuo cha ualimu, nisizeeke kwenye foleni ya mchele wa msaada. Mtihani wa historia ndio ulikuwa wa mwisho. Ukiukosa, unasubiri mwakani.

Mada iliyonitoa jasho ni mapinduzi na uhusiano wa mataifa. Mwalimu aliifundisha kwa Kireno, mbio mbio: kwamba mapinduzi hayakai nyumbani kwao, wafalme wa jirani huogopa, hufunga mipaka, huungana, hupeleka majeshi, na waliopindua nao hutafuta marafiki nje. Kireno changu ni cha ofisini, cha kujibu ndiyo na sijui. Maneno yale hayakukaa kichwani mpaka nilipoyaandika upya kwa Kiswahili. Kwetu kinachopinduka ni mtumbwi, na aliye karibu lazima alowe. Nikaandika hivyo hivyo: nchi ikipinduka, majirani wanalowa. Nikachora duara kwa kila nchi, na mishale kuonyesha jeshi la nani lilikwenda kwa nani.

Siku moja nilimuuliza mwalimu kama haya ya vita vyetu huku nayo ni mapinduzi. Akageuka akafuta ubao, akasema hayamo kwenye programu ya masomo.

Asubuhi ya mtihani nilitoka kijijini kwa miguu, mtoto mgongoni, daftari mkononi, nikijisomea njiani. Kosa langu ndilo hilo. Kwenye kizuizi cha kuingilia mjini, askari wa kwetu, kijana wa kusini asiyejua hata lugha moja ya huku, alichukua kitambulisho changu, kisha akachukua daftari. Kiswahili hajui, lakini miezi aliyokaa huku ilikuwa imemfundisha maneno matatu manne, na yote yalikuwamo: jeshi, silaha, mpaka. Tena na mishale. Akaniuliza kwa Kireno nani kanichorea ramani. Nikamwambia hiyo ni Ufaransa. Akaniuliza Ufaransa imenituma nini.

Sikucheka. Kwake yeye Kiswahili kilichoandikwa ni cha wale waasi wa porini. Namjua mtu aliyelala ndani siku mbili kwa sababu ya wimbo uliokuwa kwenye simu yake. Nikamwambia nina mtihani, nikamwonyesha kadi ya shule. Akasema kadi hata yeye anaweza kuichapisha. Mtoto akaanza kulia, nikamgeuza mbele nikamnyonyesha nimesimama, mbele ya wanaume wote wale.

Ng'ambo ya barabara walikuwapo askari wa kigeni, walioletwa kutoka nchi ya mbali kusaidia. Mmoja alijua Kiswahili, kile cha bara, na aliwahi kununua nyanya kwangu. Yule wa kwetu akampungia mkono, akamkabidhi daftari. Mgeni akasoma taratibu, kidole chini ya mstari, ukurasa baada ya ukurasa. Alipofika kwenye kulowa akatabasamu kidogo.

"Haya ni masomo, dada," akasema. "Mwambie."

Nimwambie mimi. Kireno yeye hakijui, na wa kwetu Kiswahili hakijui. Shahidi wangu ni mtu wa nchi nyingine, na mkalimani wa shahidi ni mimi mtuhumiwa. Nikatafsiri.

"Na nitajuaje kama hunidanganyi?" akauliza yule wa kwetu.

Hakuwa na njia ya kujua. Nadhani hilo ndilo lililomtia hasira. Akafunua tena kwenye mishale, akaniambia nimuulize mgeni kama kwao nako wanasomesha mambo haya ya kupindua serikali.

Nikauliza. Mgeni hakutabasamu tena. Akatazama wenzake waliokaa chini ya turubai, akashusha sauti.

"Dada, mimi nimeletwa kulinda barabara. Hilo usiniulize."

Nikageuka kwa wa kwetu nikamwambia kwa Kireno changu kibovu: anasema kwao yanasomwa darasa la saba.

Kijana yule akacheka mpaka bunduki ikamtikisika begani. "Darasa la saba! Na wewe mama mtu mzima ndiyo kwanza unayasoma."

Akachana ukurasa wa mishale, akaukunja mfukoni, akanirudishia daftari. Nikakimbia.

Nilikuta mtihani umeanza. Msimamizi, mama mmoja mnene, alitazama saa, akamtazama mtoto, akasema mtoto abaki nje kwa mlinzi. Nikaingia nikimsikia analia, na blauzi imelowa maziwa.

Hapakuwa na mahali pa kueleza kitu. Mtihani wetu ni wa kuchagua herufi. Swali moja liliuliza dola inapoita majeshi ya nje kuzima uasi ndani ya mipaka yake, inafanya nini. A: inatumia mamlaka yake yenyewe. B: inapunguza mamlaka yake. Zilikuwapo na nyingine, sizikumbuki. Kitabu kilisema A. Nilikaa na penseli juu ya B muda mrefu kuliko nilioweza kuumudu, nikiwa bado nasikia sauti yangu mwenyewe ikitafsiri pale barabarani.

Nikapaka A.

Nilifaulu. Wanaponiambia nishukuru, wanashukuru herufi ile. Mwaka huu nimo chuoni, nafundishwa kufundisha, na wiki ijayo nakwenda kwenye mazoezi, darasa la historia. Nimeshapewa mada, ni ile ile ya mapinduzi. Mtoto atakayeniuliza nililomuuliza mwalimu wangu yumo humo ndani, simjui bado, na kusema kweli namwogopa kuliko nilivyomwogopa yule mwenye bunduki.