Mama mkwe anasubiri kona yake, na mimi ndiye mkalimani

Admin, nifichie jina, na mradi usiutaje, maana nusu ya wenzangu ofisini wanasoma humu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, mama wa mtoto mmoja, naishi Kariakoo na mume wangu na mama yake mzazi. Mliokaa mkao wa kusikia habari za mama mkwe mchawi mtanisamehe. Huyu wa kwangu ni mtu mwema sana, na aliyekosea hapa ni mimi.

Mama ni mtu wa Lindi. Tangu aje mjini alikuwa analima mchicha na matembele bondeni, pembeni ya Mto Msimbazi, na asubuhi anauza sokoni. Mchicha huo ndio uliomsomesha mume wangu. Mimi nafanya kazi kwenye mradi mdogo wa kurudisha ardhi oevu hapo hapo bondeni, yaani yale maeneo ya majimaji yaliyolimwa na kujazwa vifusi mpaka mvua ikinyesha maji yanakosa pa kukaa, yanaingia kwa watu. Tunapanda matete yapunguze kasi ya maji. Kazi yangu ni kuongea na wenyeji.

Mwaka juzi tulihitaji matuta ya akina mama sita, mama mkwe akiwa mmoja wao. Wale watano wakasema wazi kwamba wanamwangalia yeye, akitoa na wao watatoa. Mkuu wangu akaniambia hilo nikalimalize nyumbani. Nikamkuta mama anachambua mchicha, nikamweleza habari za mafuriko, akanisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Na mimi nitalima wapi?" Badala ya kukiri kwamba sijui, nikamwambia masika ikipita mara mbili na matete yakishika, atarudishiwa kona ya juu ya shamba lake alime tena. Hakuna aliyenituma kusema hivyo. Nilijipa moyo kwamba nitakuja kumwombea huko mbele. Mama akafikiri kidogo akasema, "Basi sawa, kwa kuwa umesema wewe." Kesho yake akang'oa mboga kwenye matuta yake mwenyewe, na wale watano wakafuata.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba kazi yenyewe imefanikiwa. Matete yameshika, ndege wamerudi, na masika hii vyumba vya chini vilivyozoea kujaa maji havikujaa. Ningekuwa naona mradi ni upuuzi ningeshasema ukweli siku nyingi na kuacha kazi. Lakini naipenda kazi hii.

Mama sasa anaosha vyombo kwa mama ntilie mmoja karibu na soko. Magoti yanamvimba. Halalamiki. Kila Jumapili anashuka bondeni kuyaangalia matete, akirudi anatuambia yamefika kiunoni, yamefika kifuani. Mbegu zake za mchicha kazihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga, dirishani.

Sasa kuna mkutano wa kanda. Wataalamu wa ardhi oevu wanakuja kutoka visiwani na nchi jirani, na siku ya pili ni ziara, watavalishwa mabuti waletwe kwenye matete yetu. Wiki iliyopita nikapewa ramani ya wageni nikague majina ya mitaa. Eneo lote limepakwa kijani mpaka ukingoni, na imeandikwa hifadhi ya kudumu. Nikamuuliza mkuu wangu kona ya juu imekwenda wapi. Akanishangaa. "Kona gani? Pale halimwi tena. Nani kasema kuna kona?" Nikajifanya naendelea kukagua majina ya mitaa. Hapo hapo akaniambia wameamua mama mkwe azungumze mbele ya wageni, kama mkulima aliyetoa shamba kwa hiari, na mimi nisimame pembeni nimtafsirie kwa Kiingereza. Eti mkwe na mkwe itapendeza kwenye picha.

Mume wangu nilipomweleza alikasirika sana. Baadaye akasema nimwache mama aongee atakavyo, mimi nitafsiri kitu kingine, wageni watajuaje. Wageni gani hao? Kuna wa Mombasa, wa Zanzibar, wa Bujumbura. Nusu yao watamsikia kwa masikio yao, na wale akina mama watano watakuwa nyuma yake wanaitikia. Nikimwambia mama kabla ya ziara, lazima atawaambia wenzake, na nawajua, watashuka na mapanga, matete yote yalale, na masika ijayo maji yarudi vyumbani kwa watu. Nikisema ofisini nilichoahidi, kazi sina. Kila nikigeuka nakuta nimejifungia mwenyewe.

Hotuba yake nimeshaikariri, maana anaifanyia mazoezi jikoni. "Nimetoa shamba langu kwa sababu mkwe wangu aliniahidi, na hajawahi kunidanganya. Masika imepita mara mbili. Sasa narudi kwenye kona yangu." Akimaliza ananiuliza kama ni ndefu sana. Namwambia iko sawa.

Leo asubuhi nimemkuta ameanika zile mbegu kwenye ungo, na gauni la siku hiyo limeshapigwa pasi. Akaniita nikae. Akasema sentensi ile ya mwisho, ya kurudi kwenye kona yake, hataki nimtafsirie. Anataka kuwaambia wageni mwenyewe kwa Kiingereza, wajue hata muuza mchicha anaweza. "Nifundishe mwanangu, nitaishika." Nikamwambia nimechelewa kazini, nitamfundisha jioni.

Ndugu zangu, ziara ni keshokutwa. Naandika haya nikiwa ofisini, na mama ameshanipigia mara mbili kuuliza narudi saa ngapi. Nipeni akili zenu, hata mkinitukana nitasoma. Nikifika nyumbani, nimfundishe hiyo sentensi, au nimwambie?